Herufi Moja Katika Deni la Mzee Mafabi

Siku yangu ya kwanza kazini, mdaiwa aliruka dirishani akatokomea, na aliyemtorosha ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimeajiriwa na dalali wa mahakama pale Jinja, yaani mtu mwenye kibali cha kukamata mali ya wanaodaiwa na kuipiga mnada ili wadai wapate chao. Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi, kabla ya vita vilivyouangusha. Mzee Dalali, ndivyo wote tulivyomwita, hakunichukua kwa ajili ya vyeti. Alinichukua kwa ajili ya sauti.

"Zaituni," aliniambia, "mimi napiga mlango ya watu kwa Kiswahili, wao nafikiri jeshi imekuja. Nakimbia. Wewe ni mtoto ya Kiislamu, Kiswahili yako ni ya nyumbani. Tena wewe mwanamke. Wewe ndiye utabisha."

Tukaenda Nalufenya kwa fundi mmoja wa baiskeli. Nilijitengeneza, nikafunga kitambaa vizuri, nikasimama mlangoni nikapaza sauti: "Hodi wenyewe! Mmeamkaje humu?" Nilitumia Kiswahili safi cha mama yangu, na usafi wenyewe ndio ulioharibu. Mtu wa mtaani Jinja alikuwa hasikii Kiswahili kilichonyooka namna ile ila kwa afande. Tulisikia kiti kikianguka, kuku wakipiga kelele, kisha kimya. Mzee Dalali alicheka hadi akaketi juu ya ngazi ya jirani.

"Kesho bisha kwa koodi, kama Wasoga," akasema akifuta machozi. "Mtu akishafungua, ndiyo mlete hiyo Kiswahili yenu ya harusi."

Basi nikajifunza kusema koodi, na kweli milango ilifunguka. Lakini niligundua haraka kwamba kufunguka kwa mlango hakumlipi mtu. Meza ya mdaiwa ikifika mnadani hununuliwa kwa bei ya kuni. Hapo utoe ada ya mahakama, utoe ya dalali na ya wachukuzi, na kinachomfikia mdai hakitoshi hata kumtuliza hasira. Mdaiwa naye amebaki bila meza na bado anadaiwa. Nilimuuliza mzee kwa nini tunafanya kazi ambayo haimnufaishi mtu.

Akaniambia ipo nyingine. Iliitwa suluhu, nayo ndiyo iliyonilisha miaka yote iliyofuata. Katika suluhu unakwenda kwa mdai kabla ya mnada, unaketi naye, mnatafuta kiasi ambacho mdaiwa anaweza kukilipa kweli, na kinachozidi kinafutwa. Kumwongezea mtu muda wa kulipa sisi tuliita muhula, na yeyote anaweza kuuomba. Kufuta sehemu ya deni ndiko kwenye kazi.

"Mdai usimwombe huruma," Mzee Dalali alinifundisha. "Huruma yake alimaliza siku ya kukopesha. Wewe mpe hesabu. Na usimwombe apunguze mbele ya watu, ataona haya, atakataa hata kitu alikuwa ameshakubali moyoni."

Nilimpenda mzee yule. Vita vilipofika upande wetu, ofisi ilivunjwa, waporaji wakachukua hata bawaba za milango. Yeye akarudi kijijini kwao, na tukaja kupata habari kwamba amefariki. Nililia kama niliyefiwa na baba, kisha nikatafuta kazi.

Kazi niliipata Mbale, kwa mwanasheria aliyekuwa amefungua chumba kimoja juu ya duka la dawa. Huyu nilimwita Bwana Wakili. Kizungu chake kilikuwa kizuri kama redio, ila mfanyabiashara akianza kufoka kwa Kiswahili, yeye alikuwa anaita, "Zaituni, njoo, mteja wako amefika." Nami nilikuwa naingia bila kusitasita. Kuongea na mtu mwenye hasira ni kazi niliyoijua na sikuionea haya.

Mbale ya wakati ule ilijaa madeni ya vita. Kabla ya vurugu, wenye maduka walichukua bidhaa kwa mali kauli, maana yake unabeba mzigo leo kwa neno la mdomo na kulipa ukishauza. Kisha vikosi vikapita, waliokimbia na waliokuwa wakiwafukuza, na nyuma yao wakapita raia wenye magunia. Maduka yalibaki makuta. Wadai wengi walikuwa Wakenya wa barabara ya Malaba, kule mpakani, na hawakutaka kusikia habari ya shilingi yetu, maana ilikuwa ikishuka kila kukicha. Walidai kwa fedha ya kwao. Kwa mdaiwa, hata akikaa bila kufanya lolote, deni lilikuwa linanenepa.

Mzee Mafabi alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa Mgisu mwenye duka pale Namatala, la sukari, sabuni na chumvi. Duka lilipoliwa akahamia chumba cha kupanga Namakwekwe na bintiye Khainza. Deni lake lilikuwa la shehena nzima ya lori, na mdai wake alikuwa Bwana Njoroge, Mkikuyu mwenye malori matatu, mtu wa kanisani, mpole akishiba na mkali akikumbuka. Alikuwa amesubiri kwa uvumilivu, sitamnyima haki yake. Lakini wakati huo mdai mwenye haraka hakuhitaji mahakama. Alikuwa anatafuta askari wawili wa kambini, anawapa chochote, na mdaiwa anakwenda "kuhojiwa". Wengine walirudi wakichechemea, na wengine hawakurudi. Mzee Mafabi alilijua hilo, ndiyo maana alikuja ofisini kwetu.

Nikamuuliza ana nini cha kuweka mezani. Akaniambia hana kitu ila mahali pa Khainza. Nilipajua. Ilikuwa sehemu kwenye baraza la duka moja mjini, upana wa cherehani na kiti, penye kivuli na wapita njia. Baada ya vita watu waligombania mahali kama hapo hata kwa ngumi, na anayetaka kumrithi mwenzake alitoa kilemba kikubwa, yaani pesa ya kuachiwa nafasi. Njoroge angeweza kuiuza sehemu hiyo au kumweka mtu wake hapo. Nilipiga hesabu nikaona panaweza kukata theluthi ya deni, pengine na kidogo juu yake. Kama Khainza ameulizwa, hilo sikulichunguza. Katika nyumba zetu zama zile baba alikuwa anasema "tumekubaliana", na sisi tuliandika kwamba wamekubaliana.

Sasa msomaji mdogo wangu, nisikilize vizuri hapa. Watu wetu wa mashariki huchanganya r na l, wakaziweka popote ulimi unapoangukia. Wakikuyu nao wanaifahamu r, l hawana habari nayo. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya Kiswahili, sikio langu linazitenganisha, lakini kwa miaka ya kazi lilikuwa limezoea kusahihisha watu kimyakimya. Mtu akisema "nitaludi", mimi nasikia atarudi, na maisha yanaendelea.

Tulikutana kwa Njoroge, nyuma ya ghala lake. Mzee Mafabi aliondoa kofia.

"Bwana Njoroge, mimi sina kitu. Duka wamekula yote, wewe mwenyewe umeona. Iko kitu moja tu. Iko mahari ya Khainza. Chukua hiyo."

Njoroge akamsogelea. "Mzee, unasema mahari ya msichana wako?"

"Eee, mahari yake. Ni mzuri, usione hivi. Watu mingi wamekuja uliza, mimi nakataa. Lakini wewe nakupa."

"Na yeye amekubari?"

"Atakubali. Mimi si ni baba yake?"

Njoroge akashika kidevu. "Mimi mwenyewe niko na bibi, siwezi. Rakini kijana wa ndugu yangu, yure Kariuki dereva, hana."

"Mpe kijana!" mzee akasema kwa furaha. "Ikishakuwa yako, utapa mtu unataka. Kariuki ni kijana nzuri, anaweza kaa pale."

Njoroge akasimama. Macho yake yalikuwa na maji. Akamkumbatia Mzee Mafabi, akasema, "Basi hakuna deni. Yote imekwisha. Sisi sasa ni watu wa nyumba moja."

Nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta theluthi, nikarudi na deni zima limefutwa! Bwana Wakili aliniita mbele ya makarani, akasema, "Huyu Zaituni angekuwa na digrii, mimi ningekuwa karani wake." Siku ile nilijisikia fundi. Leo naijua kanuni niliyopaswa kuikumbuka: mdai akifuta deni lote, ujue kuna kitu amenunua, na kazi yako ni kujua ni kitu gani.

Jumamosi iliyofuata Njoroge alituma mtu kuniita Namakwekwe. Nilimkuta amevaa suti. Alikuja na lori lake moja, na ndani ya lori wamo dada yake, wazee wawili wa kanisani kwake, na Kariuki aliyepaka mafuta nywele hadi zinang'aa. Walibeba blanketi, sukari na kreti ya soda.

"Karibu, mshenga wetu," Njoroge akaniambia. "Mshenga hawezi kosa siku kama hii."

Nikacheka. Nilidhani ni utani, maana mtu wa kati katika biashara yoyote watu huweza kumwita mshenga. Mzee Mafabi naye alitoka akaona wageni wote wale, akafikiri ni ustaarabu wa Kikenya wa kukabidhiana baraza. Alipokea blanketi, akashukuru, akasema, "Basi twende tuone mahari."

"Hayuko nyumbani?" akauliza dada yake Njoroge.

"Hapana, iko mjini. Iko barabarani tu."

Niliona wazee wa kanisa wakitazamana. Tukapanda lori, tukaenda. Khainza alikuwa ameinama kwenye cherehani anamalizia sare za shule. Dada yake Njoroge alipomwona akapiga vigelegele, na mtaa mzima ukageuka. Mzee Mafabi akapanda barazani, akapiga kisigino chini kwenye saruji, akatangaza kwa fahari: "Mahari ndiyo hii! Kutoka hii nguzo, kufika hapa."

Njoroge aliitazama ile saruji. Kariuki akatazama viatu vyake. Hapo ndipo masikio yangu yalipoacha kusahihisha watu. Nilisema kwa sauti, nikikaza kila herufi: "Mzee Mafabi anasema mahali. Mahali pa kukaa. Bwana Njoroge amesikia mahari, ya kuoa."

Vicheko vililipuka barazani. Fundi wa cherehani ya jirani alishika tumbo. Na kicheko ndicho kilichotuponza, kwa kuwa Njoroge alikuwa amefedheheka mbele ya dada yake, wazee wa kanisa lake na soko zima, jambo ambalo Mzee Dalali alinikataza hata kuliota.

"Mmenichezea," akasema polepole. "Deni yangu irudi yote. Mimi pia nadaiwa Nairobi, mnafikiri mimi naokota pesa? Kesho mzee atajibu watu wa kambi. Ama nipewe msichana, ama nipewe hii saruji. Chagueni."

Kicheko kilikatika kama taa. Mzee Mafabi alimgeukia bintiye, si mimi. "Khainza, mwanangu," akasema, "mpe tu moja."

Khainza alikuwa bado hajainuka. Alikuwa na umri wa kumaliza shule, ila shule ilikuwa imemshinda kwa karo, na Kiswahili alikuwa amejifunza palepale barazani kwa wateja wake. Akakata uzi kwa meno, akakunja sare, ndipo akasema.

"Baba, hii ya kukaa nimeitafuta mimi mwenyewe. Hiyo ya kuolewa nayo iko kwa kichwa yangu. Zote mbili ni zangu. Yako ni deni tu. Mbona umemwachia Bwana Njoroge vitu vyangu, deni yako umebaki nayo mfukoni?"

Nimefanya kazi na mawakili, mahakimu na wenye mabenki. Sijapata kuona hoja iliyonyooshwa vizuri namna ile. Mzee aliinamisha kichwa. Nami nikapata nafasi yangu. Nilimshika Njoroge mkono, nikamvuta upande wa pili wa lori ambako watu hawatuoni, nikamwita na Khainza. Mzee nilimwacha na soda.

Kwanza niliomba radhi kwa kicheko, kwa maana kilimuuma kweli. Kisha nikampa hesabu. Nilimwambia akimpeleka mzee kambini, askari watalipwa na yeye, na mzee akirudi hawezi kufanya kazi, asiporudi deni limezikwa. Nikamwambia mzigo ulioibwa na vita si mzigo uliouzwa pesa ikaliwa; katika mali kauli za Mbale nzima wadai na wadaiwa walikuwa wakigawana hasara ya uporaji nusu kwa nusu, na wenzake wa Malaba walishakubali hivyo mbele yangu. Alibisha, akatema mate, akabisha tena. Lakini alikuwa akisikiliza.

"Haya, nusu. Nusu nyingine nani ataripa? Yure mzee?"

Khainza alikuwa akitazama juu. Turubai la lori lilikuwa limetobolewa na kuchanika kila mahali, na viraka vyake vilikuwa vya gunia.

"Sukari yako inanyeshewa," akasema.

"Kira safari."

"Lori zote tatu?"

"Zote. Turubai mpya hakuna hata Nairobi. Ikiwako, bei ni ya wazimu."

"Nitashona. Zote tatu, na zikichanika nitashona tena, mpaka hiyo nusu iishe. Lakini baba yangu asiguswe. Na mimi nakaa mahali yangu."

Njoroge alimtazama kama mtu anayepima mzigo. Nikamwona anakubali, na hapo sikuacha washikane mikono. Nilimwambia kila mmoja arudie alichokubali kwa maneno yake mwenyewe, na nikakataza kabisa lile neno. "Sema kiti," nikamwambia Khainza. "Sema cherehani." Tangu siku ile sikufunga suluhu yoyote bila watu kurudia maneno, na bila mwenye kitu kinachotolewa kuwapo na kusema mwenyewe ndiyo. Bwana Wakili aliona ninapoteza muda. Baadaye aliwafundisha makarani wake wengine kufanya vivyo hivyo.

Turubai haliingii kwenye cherehani ya kushonea sare. Khainza alilishona kwa mkono, kwa sindano ya magunia na uzi uliopakwa nta, ameketi uani Namakwekwe huku lile gamba zito limemfunika hadi kiunoni. Mchana alishona za wateja, jioni turubai. Vidole vyake vilipasuka. Nilikuwa nampelekea mafuta ya mgando, nikamkuta anacheka na kuniambia amepata mikono ya mwanamume. Masika yalikuja yakapita, na mengine yakaja, kabla Njoroge hajasema imetosha. Alisema kwa heshima, mbele ya watu, na akamwongezea jora la kitambaa.

Mzee Mafabi hakuguswa. Alianza upya na meza ya chumvi, akanenepa kidogo. Na kila alipopata wasikilizaji alikuwa anawaeleza jinsi alivyoketi na yule Mkenya, mwanamume kwa mwanamume, akaongea naye mpaka deni likapungua. Nilimsikia kwa masikio yangu. Khainza alikuwa karibu anapima mtu bega, wala hakuinua kichwa.

Miaka ikaenda. Serikali ilibadilika, noti zikabadilika, barabara zikafunguliwa. Bwana Wakili alinirudisha Jinja kusimamia ofisi mpya, na wafanyakazi wa viwanda vilivyolala wakawa wateja wangu. Nilizeekea kazini hadi magoti yalipogoma kupanda ngazi, nikaaga. Wakinipa zawadi ya saa, kijana mmoja aliniuliza siri ya kazi ni nini. Nilimwambia asikilize kwa bidii watu wanaodhani wanaelewana. Aliandika. Sijui kama alinielewa.

Nilikuwa nimeshastaafu nilipopata habari kwamba Mzee Mafabi amefariki. Nikapanda hadi kwao, milimani juu ya Mbale. Walikuwapo watu wengi na nyimbo, na hotuba ndefu za kumsifu mzee aliyejua kuongea na wadai. Kabla ya kumshusha kaburini, kama ilivyo desturi ya huku, mwenyekiti wa kijiji aliuliza kwa Kigisu: yeyote anayemdai marehemu asimame sasa, familia imsikie, mtu asizikwe na deni.

Watu walishaanza kunyanyua koleo.

Khainza akainua mkono. Sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye duka lake la nguo, na wajukuu wakimshika gauni. Mwenyekiti alifikiri anajikuna.

"Mimi," akasema. "Mimi ninamdai."

Shangazi zake walishika midomo. Mwili wangu wote ulitaka kusimama, nikamvute pembeni nizungumze naye, lakini magoti hayakunipa ruhusa, na nikashukuru baadaye. Khainza alisogea ukingoni, akalitazama jeneza la baba yake, na machozi yakawa yanamtiririka bila yeye kuyafuta.

"Nusu nimemsamehe," akasema. "Hiyo nusu ingine aende nayo. Tutaongea huko."

Kisha akainama, akachukua udongo kwa ile mikono yake, akatupia.